Shada Lililochumwa Kaburini: Karel Jaromír Erben kati ya kukusanya na kutunga

Wacheki wana jina zuri la thaimu, ule mmea mdogo wenye harufu: mateřídouška. Ukilipasua jina hilo vipande viwili unapata mama na kiroho, kana kwamba mmea ni pumzi ya mama. Kipo kisa kinachoeleza jina lenyewe. Mama mmoja alifariki, akazikwa, na wanawe mayatima wakawa wanakwenda kaburini kila alfajiri kumtafuta. Mama akawaonea huruma. Roho yake ikarudi, ikaingia katika ua dogo, ua likatambaa juu ya kaburi lote, na watoto wakamtambua mama yao kwa harufu.

Kwa kisa hicho mshairi Mcheki Karel Jaromír Erben alifungua kitabu chake cha mashairi, Kytice, maana yake shada la maua, kilichotoka Praha mwaka 1853. Hakukiacha kikawa kisa tu. Kwake ua lile ni hadithi za kale za watu wa kawaida, na waliofiwa ni watu wa nchi yake. “Nimekuchuma juu ya kaburi la kale,” anaambiwa mmea, “nikupeleke kwa nani?”

Hapo ndipo fundo la habari yake lilipo. Anayechuma ua hakulipanda. Erben mwenyewe aliandika kwenye jalada kwamba mashairi haya yametoka katika masimulizi ya taifa, lakini jina la mtunzi ni lake peke yake, na hakuna bibi yeyote wa kijijini aliyewahi kusimulia hadithi kwa mishororo iliyopimwa vile. Vitabu vya shule vya Wacheki humtaja kwa sifa mbili, mshairi na mkusanyaji wa fasihi simulizi, kama vile ni sifa moja. Ukweli ni kwamba kazi hizo mbili huvutana. Mkusanyaji mwaminifu haongezi neno. Mshairi mwaminifu haliachi neno mpaka amelifanya lake. Erben alikuwa yote mawili kwa zaidi ya miaka thelathini, na nadhani tunamwelewa vibaya kila tunapochanganya ni lini alikuwa nani.

Mwana wa fundi viatu

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1811 Miletín, mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Bohemia, nchi ya Wacheki. Baba yake alikuwa fundi viatu. Alizaliwa pacha, lakini ndugu yake hakuishi, na yeye mwenyewe alikuwa na afya dhaifu tangu utoto. Mwaka 1825 alipelekwa shule ya sekondari Hradec Králové, akajilipia sehemu ya gharama kwa kuwafundisha watoto wa wengine piano. Jambo hili la piano linaonekana dogo, lakini lina uzito, kwa sababu mtu asiyejua kuandika noti hawezi kukusanya nyimbo; anakusanya maneno yaliyovuliwa nguo. Mwaka 1831 akahamia Praha kusoma falsafa, kisha sheria.

Praha aliyoikuta ilikuwa mji wa dola ya Austria, na Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha ya ofisi, ya mahakama na ya elimu ya juu. Kicheki kilikuwa lugha ya mashambani, ya jikoni na ya sokoni. Haikuwa hivyo tangu zamani: Bohemia ilikuwa ufalme wenye vitabu vyake, mpaka mabwana wake waliposhindwa na mfalme wao wa ukoo wa Habsburg katika vita vya Bílá hora mwaka 1620. Miaka mia mbili baadaye lugha ilikuwa imeshuka daraja kiasi kwamba Josef Dobrovský, mwanazuoni aliyekifanyia Kicheki sarufi kubwa, aliiandika sarufi hiyo kwa Kijerumani.

Kizazi kilichomfuata kilikataa kuishia hapo. Josef Jungmann alitoa kamusi ya Kicheki na Kijerumani katika majuzuu matano kati ya 1834 na 1839. Kamusi inathibitisha kwamba lugha ina maneno ya kutosha, lakini haithibitishi kwamba ina fasihi. Wasomi wa Ulaya ya kati walikuwa wamejifunza kwa Mjerumani Johann Gottfried Herder kwamba roho ya taifa hukaa katika nyimbo na hadithi za watu wake. Ndugu Grimm walianza kutoa ngano za Kijerumani mwaka 1812. Kwa watu waliopokonywa vitabu, wazo hili lilikuwa neema: kumbe hazina haikupotea, imo vinywani mwa wanawake wanaopika na vijana wanaolisha mifugo.

Ilikuwa pia mtihani mkubwa, na msomaji akitaka kupima uaminifu wa Erben lazima aujue mtihani huo. Mwaka 1817, Erben akiwa bado mtoto mdogo, Václav Hanka alitangaza kwamba amegundua mashairi ya kale ya Kicheki katika kanisa la Dvůr Králové, mji ulio jirani na Miletín. Mwaka uliofuata hati nyingine ya kale zaidi ikajitokeza. Taifa zima lilifurahi. Wachoraji walichora visa vyake, wanamuziki wakavitungia muziki. Ilipofika 1886 ndipo mwanaisimu Jan Gebauer na Tomáš Masaryk, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Chekoslovakia, walipoongoza mjadala ulioonyesha waziwazi kwamba hati zile ni za kughushi. Waliozitengeneza hawakufanya hivyo kwa fedha. Waliipenda nchi yao, wakaona haina kile walichotamani iwe nacho, wakakitunga na kukipa umri wa uongo.

Erben alitunga vilevile. Tofauti yake ni kwamba alipotunga alitia sahihi.

Mchana nyaraka, jioni nyimbo

Baada ya masomo alifanya kazi ya ukarani katika ofisi za sheria na mahakama. Kilichombadilishia maisha ni kufahamiana na František Palacký, mwanahistoria aliyekuwa akiandika historia ya taifa la Kicheki kutoka kwenye hati zenyewe. Palacký alihitaji mtu mwenye macho mazuri, mkono thabiti na subira. Erben akawa anatumwa miji ya Bohemia kupekua makabati ya ofisi za miji na majumba ya mabwana, kunakili hati za Kilatini, Kijerumani na Kicheki cha kale.

Safari hizo zilimfaa mara mbili. Kila alipofika kulikuwa na hati za kusoma mchana na watu wa kuimba jioni. Žebrák, mji mdogo wa magharibi mwa Praha, ulimpa nyimbo nyingi, ukampa na mke: mwaka 1842 alimwoa Barbora Mečířová, binti wa huko, aliyeitwa Betyna nyumbani.

Mwaka 1846 akawa katibu wa makumbusho ya taifa pale Praha. Mapinduzi ya 1848 yalimkuta hapo. Wacheki walimtuma Zagreb kama mjumbe kwa Wakroatia, na kwa muda akawa mhariri wa gazeti. Hakuwa mtu wa majukwaa. Serikali ya Vienna iliporudisha mkono wake wa chuma, yeye alirudi kwenye karatasi, na mwaka 1851 akateuliwa mtunza nyaraka wa jiji la Praha. Alibaki katika kazi hiyo mpaka kufa. Mwaka 1855 alitoa juzuu ya kwanza ya muhtasari wa hati zote alizoweza kuzipata zinazohusu Bohemia na Moravia, kutoka mwanzo hadi mwaka 1253. Hakuna asomaye kitabu kama hicho kwa raha. Lakini mwanahistoria wa zama za kati hakwepi kukishika.

Watu wanaompenda Erben mshairi huipita kazi hii haraka, kana kwamba ilikuwa ajira tu ya kumpatia mkate. Mimi naona ndiyo ufunguo. Mtunza nyaraka akipata nakala tano za hati moja, haziamini zote sawasawa. Anazilaza mezani bega kwa bega, anatazama wapi zinakubaliana, wapi mwandishi aliruka mstari, wapi mtu wa baadaye alichomeka neno lake. Mwishowe anajaribu kuona hati ya kwanza, ambayo huenda iliungua zamani. Macho hayo ndiyo Erben aliyoyapeleka kwenye fasihi simulizi. Ila kila aina ya fasihi aliishika kwa mkono tofauti.

Nyimbo: kuandika kilichosikika

Kwenye nyimbo alikuwa karani. Mkusanyo wake wa kwanza, majuzuu matatu, ulitoka katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1840, na rafiki yake padri Jan Pavel Martinovský akazitilia tuni usindikizaji wa piano ili ziimbwe majumbani. Toleo kubwa la mwisho lilikamilika 1864, likiwa na nyimbo na tungo fupi za watoto zaidi ya 2,000, na tuni zake. Pale wimbo ulipokuwa na sura zaidi ya moja alizitaja tofauti, na mara nyingi akaonyesha umetoka sehemu gani ya nchi.

Namna alivyoupanga mkusanyo huo inagusa moyo. Hakuupanga kwa alfabeti wala kwa wilaya. Aliupanga kwa umri wa binadamu: kwanza bembelezi za mtoto aliye kwenye susu, kisha michezo ya watoto, ujana na mapenzi, harusi na desturi zake, na mwisho mazishi. Ukikifungua popote unajua uko wapi katika maisha ya mtu. Mkusanyaji hapa hakugusa maneno. Alichokitia cha kwake ni mpangilio, na mpangilio huo unasema kwamba nyimbo si vitu vya kabatini, kila moja ina saa yake ya kuimbwa.

Ngano: kurudisha kilichopotea

Kwenye ngano alifanya jambo jingine kabisa, na hapa ndipo wasomaji wengi hujikwaa. Tumlinganishe na Božena Němcová, mwandishi wa wakati wake, aliyetoa ngano za Kicheki miaka ya 1840. Němcová alisikia hadithi, akaipenda, akaisimulia upya kwa sauti yake, akiongeza maua na mazungumzo alipoona panafaa. Erben hakutaka kusimulia kwa sauti yake. Wala hakuridhika kunakili sauti ya msimulizi mmoja. Alilinganisha sura nyingi za ngano ileile, za Wacheki na za Waslavi wengine, akatafuta ile aliyoamini kuwa sura ya asili.

Imani yake ilikuwa hii: ngano ni mabaki ya dini ya kale ya Waslavi kabla ya Ukristo, dini ya jua na baridi, ya usiku na mchana. Msimulizi wa karne ya 19 amesahau maana, amebaki na vipande. Kazi ya mwanazuoni ni kuviunga.

Mfano mzuri ni ngano yake ya nywele tatu za dhahabu. Wajerumani wanaijua pia. Katika sura ya ndugu Grimm kijana hutumwa kung'oa nywele tatu za shetani. Katika sura ya Erben mwenye nywele ni Děd Vševěd, Babu Mjuzi wa Yote, na babu huyo ni Jua lenyewe. Asubuhi ni mtoto mchanga, mchana ni mwanamume mzima, jioni anarudi nyumbani kwa mama yake akiwa mzee, analala mapajani mwake. Mama ndiye anayezing'oa nywele, moja baada ya nyingine, akisingizia kwamba ameota ndoto, huku akimuuliza mwanawe maswali ambayo kijana amekuja nayo: kwa nini kisima kimekauka, kwa nini mtufaa hauzai, kwa nini mvushaji hapati wa kumpokea kasia. Na kila kitu kimeanza na wanawake watatu waamua majaaliwa, wale Wacheki wanaowaita Sudičky, waliosimama juu ya mtoto wa mchoma makaa usiku aliozaliwa na kusema ataoa binti wa mfalme. Mfalme akasikia, akajaribu kulipinga neno hilo kwa kila hila, na kila hila ikalisukuma mbele.

Je, sura hii ndiyo ya asili? Wanafasihi wa leo hawaulizi tena hivyo. Ngano si hati; haina nakala ya kwanza iliyoungua. Kila usimulizi ni mzima kwa siku yake, na kuunganisha sura nyingi ni kutengeneza hadithi ambayo huenda hakuna aliyewahi kuisikia jinsi ilivyo. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo Erben hakuficha alichokuwa akikifanya, na ngano zilizotoka mkononi mwake zina ukavu fulani mzuri: hazina neno la ziada, hazimwelezi msomaji alie machozi wapi. Watoto wa Kicheki wamekua nazo mpaka leo.

Mwaka 1865 alitoa ngano na visa 100 vya mataifa ya Kislavi, kila kimoja katika lugha yake: Kipolandi, Kirusi, Kiserbia, Kibulgaria, Kisorbia na nyinginezo, pamoja na maelezo ya maneno magumu. Kwa wanaomwona kama mzalendo wa kijiji kimoja, kitabu hicho ni jibu.

Mashairi: adhuhuri jikoni

Sasa turudi kwenye shada. Mashairi ya Kytice yalikuwa kumi na mawili, na kabla ya kukusanywa mengine yalikuwa yamechapishwa magazetini tangu miaka ya 1830. Miaka takriban ishirini kwa mashairi kumi na mawili. Huo ndio mwendo wake.

Haya ni mashairi ya aina ya baladi, hadithi fupi ya kutisha au ya huzuni inayokwenda kwa mapigo ya wimbo. Msomaji aliyezoea tarbia atajisikia nyumbani kuliko anavyodhani. Chukua Polednice, Zimwi la Adhuhuri. Linaanza: “U lavice dítě stálo, z plna hrdla křičelo.” Hesabu mizani: nane, halafu saba. Mishororo minne kwa ubeti, vina vikipishana, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Hakuna nafasi ya kupumua, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Mtoto amesimama kando ya benchi, analia kwa koo lote. Mama anapika. Saa sita inakaribia, baba atarudi kula, chakula hakijaiva. Anampa jogoo wa kuchezea, anampa kigari, mtoto anavitupa. Mama anachoka, anasema neno ambalo mama yeyote aliyechoka angeweza kulisema: njoo umchukue, Zimwi la Adhuhuri, mchukue huyu mkorofi! Na mlango unafunguka. Anaingia kiumbe kidogo, cha rangi ya udongo, kimejifunika shuka, miguu imepinda, kinaegemea mkongojo, sauti kama dhoruba. Nipe mtoto. Mama anamkumbatia mtoto, anamkumbatia zaidi, kiumbe kinanyoosha mkono, kengele inapiga mara kumi na mbili, mama anaanguka. Baba anaingia. Anamzindua mama kwa shida. Mtoto amekata pumzi.

Akina mama wa pwani yetu nao humtisha mtoto kwa zimwi. Hilo si geni. Na zimwi la adhuhuri lilikuwapo kweli katika imani za Waslavi, kiumbe kinachotembea mashambani jua likiwa utosini. Hilo ni la watu. Lakini nani alimuua mtoto? Shairi halisemi. Linaonyesha tu mama amelala, mtoto amebanwa kifuani. Huenda mikono iliyomkaba ndiyo iliyokuwa ikimwokoa. Shaka hiyo, iliyoachwa wazi bila neno hata moja la ufafanuzi, ni ya Erben. Watu walimpa zimwi. Yeye aliliingiza katika jikoni la kawaida, akaliweka katikati ya sufuria na saa ya chakula.

Ndivyo alivyofanya kila mahali. Katika shairi la shati za harusi, msichana anaomba mbele ya sanamu ya Bikira Maria mpenzi wake arudi, na anarudi, usiku, akiwa maiti. Hadithi hiyo imezagaa Ulaya. Mjerumani Bürger aliiandikia baladi maarufu katika karne ya 18, na ndani yake msichana hapati pa kutokea. Erben anamfanya bwana harusi amwondolee njiani kitabu cha sala, kisha tasbihi, kisha msalaba wa shingoni, akimwacha bila ulinzi hatua kwa hatua. Halafu, kwenye chumba cha maiti, msichana anakumbuka kuomba, na jogoo anawika. Asubuhi shati alizoshona zimechanwa, kipande juu ya kila kaburi. Anapona. Katika masimulizi mengi ya Waslavi anapona pia, na Erben aliwafuata watu badala ya kumfuata mshairi mkubwa aliyemtangulia.

Kitabu kinachojitazama kiooni

Kuna jambo ambalo msomaji wa mara ya kwanza haligundui. Mashairi yamepangwa kama sura na kivuli chake majini: la kwanza linaitikiana na la mwisho, la pili na la pili kutoka mwisho, na hivyo hivyo mpaka katikati. La kwanza, la thaimu, linazungumza juu ya taifa. La mwisho, la mwanamke mtabiri, vilevile. La pili ni la mama aliyeingia pangoni Ijumaa Kuu, akamweka mwanawe chini ili mikono ibebe fedha na dhahabu, hazina ikageuka mawe na udongo, na mtoto akafungiwa ndani mwaka mzima. Linaitikiwa na lile la binti aliyeua mtoto wake na kumlaani mama yake mwenyewe kwa kumwachia uhuru kupita kiasi. Zimwi la Adhuhuri linaitikiwa na Jini la Maji, na yote mawili yanaisha na mtoto aliyekufa. Toleo la 1861 liliongezwa shairi la kumi na tatu, la yungiyungi, na ulinganifu ukatikisika kidogo.

Bibi anayesimulia kando ya moto hapangi hadithi hivyo. Hii ni kazi ya mtu wa mezani, na inatupa jibu la swali letu bora kuliko maelezo yoyote: viumbe, imani, matukio na hata baadhi ya misemo ni vya watu, ujenzi ni wa Erben, na kwa ujenzi huo anasema lake.

Analosema ni gumu. Katika ulimwengu wake kuna sheria iliyomzidi mtu, na anayeivunja hulipa, mara nyingi adhabu ikiwa kubwa kuliko kosa lenyewe. Mjane aliyemwua mumewe kwa sumu anaolewa tena, lakini njiwa analia juu ya mti ulioota kaburini mpaka mwanamke anajitupa majini. Mume anayeukata mti ambamo roho ya mkewe hulala usiku, akidhani anamkomboa, anamuua. Mshairi mkuu wa kizazi kilekile, Karel Hynek Mácha, aliyefariki 1836, aliandika juu ya mtu mmoja anayepiga kelele dhidi ya ulimwengu. Erben hapigi kelele. Wasomaji wa leo, hasa wanawake, wameuliza kwa haki kwa nini wanaolipa ni akina mama na mabinti karibu kila mara. Sina jibu la kumtetea. Naona tu kwamba Erben hawatazami wanawake hao kwa mbali. Katika shairi la mti ule, mume anatengeneza susu kwa mbao zake, mtoto analazwa ndani ya mama yake, na matawi yatakapochipuka atachonga filimbi na kuzungumza naye.

Mwisho wa kazi

Betyna alifariki 1857. Erben akaoa tena 1859. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kazi mfululizo: alihariri maandishi ya Kicheki ya mhubiri Jan Hus, akatafsiri kutoka Kirusi cha kale habari za matukio za Nestor na utenzi wa jeshi la Igor. Kifua kikuu kilimaliza nguvu zake, akafa Praha tarehe 21 Novemba 1870, akiwa na miaka 59.

Mashairi yake yalipata masikio mapya miaka mingi baadaye. Mtunzi wa muziki Antonín Dvořák alikuwa ameshalitungia shairi la shati za harusi muziki wa kwaya na okestra, kazi iliyoimbwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1885. Baada ya kurudi kutoka Marekani, mwaka 1896 alichukua mashairi mengine manne, Jini la Maji, Zimwi la Adhuhuri, Gurudumu la Dhahabu na Njiwa, akayafanya muziki wa okestra tupu, bila mwimbaji hata mmoja. Njiwa iliongozwa kwa mara ya kwanza na mtunzi mwenzake Leoš Janáček mjini Brno, 1898.

Maneno hayakuondoka lakini. Baadhi ya tuni za kazi hizo Dvořák alizikata kwa mizani ya Erben, silabi kwa noti, kiasi kwamba Mcheki anayejua shairi anaweza kulisema juu ya vinanda. Katika Jini la Maji, kwa maneno, mambo huanza jioni ziwani: jini limeketi juu ya mti, linaimba huku likishona. “Angaza, mwezi, angaza, uzi wangu upate kushona.” Linajiandaa kwa harusi ya kesho. Na kitu cha kwanza linachokishona, kama alivyoandika mwana wa fundi viatu wa Miletín, ni viatu: vya kuvaa nchi kavu, na vya kuvaa majini.